Mwanangu anafunga ndoa na mwanamume mwenzake Uholanzi. Sheria ya Kenya inasemaje?

*"Wakili, mimi ni mjane, naishi Umoja hapa Nairobi. Kifunguamimba wangu ni muuguzi Uholanzi. Juzi alinipigia simu akaniambia anafunga ndoa na mwanamume mwenzake, na kwamba Desemba wanataka kuja nyumbani wote wawili. Tangu siku hiyo usingizi umenipaa. Kwenye kikundi chetu cha WhatsApp cha akina mama wa kanisa wanasema Mahakama ya Juu ilishahalalisha ndoa hizi. Wengine wanasema mzazi anayempokea mtoto kama huyo anafungwa. Mashemeji zangu wamesikia, na sasa wanasema hatapata hata futi moja ya shamba la marehemu baba yake kule Machakos kwa sababu amejitoa kwenye ukoo. Mwalimu mmoja mstaafu naye kaniambia nisishtuke, kwani sisi Wakamba tangu zamani tulikuwa na wanawake wanaooa wanawake. Nimechanganyikiwa. Ukweli ni upi? Na wewe mwenyewe unaonaje, Kenya iruhusu ndoa hizi?"*

Mama, pole sana. Barua yako imebeba mambo matatu ambayo watu huyasema kwa pupa kama kitu kimoja: ndoa, jela na shamba. Kila moja lina sheria yake. Nikutoe hofu kwanza. Hakuna mahakama ya Kenya iliyohalalisha ndoa ya jinsia moja. Hakuna sheria ya Kenya inayomfunga mama kwa kumfungulia mwanawe mlango. Na mashemeji zako hawana mamlaka ya kumfuta mtoto wa ndugu yao katika mirathi. Hatari za kweli zipo na nitakutajia, ila haziko pale ulipoonyeshwa.

Tuanze na hilo la Mahakama ya Juu. Tarehe 24 Februari 2023 mahakama hiyo iliamua kesi iliyotokana na wakili Eric Gitari kukataliwa kusajili shirika la kutetea haki za mashoga na wasagaji. Bodi ya mashirika yasiyo ya kiserikali ilikuwa imelikataa jina lenyewe. Majaji watatu kati ya watano walisema kumnyima mtu usajili kwa sababu hiyo ni kumnyima uhuru wa kujumuika na wenzake, na kwamba Katiba inapokataza ubaguzi kwa msingi wa jinsia, katazo hilo linawalinda pia watu wa mapenzi ya jinsia moja. Hiyo ndiyo iliyokuwa kesi: usajili wa shirika. Hakuna aliyeomba ndoa, na hakuna aliyepewa. Mbunge wa Homa Bay Town, Peter Kaluma, aliomba uamuzi huo upitiwe upya, na Septemba mwaka huohuo ombi lake likatupwa. Kufikia hapo habari ilikuwa imeshageuzwa mitaani na kwenye mimbari, na ndiyo iliyofika kwenye simu yako.

Ndoa yenyewe iko kwingine kabisa. Kifungu cha 45 cha Katiba ya 2010 kinasema kila mtu mzima ana haki ya kufunga ndoa na mtu wa jinsia tofauti, kwa hiari ya wote wawili. Sheria ya Ndoa ya 2014 ikaongeza kufuli ya pili: kifungu chake cha 3 kinaitambua ndoa kuwa muungano wa hiari wa mwanamume na mwanamke, uwe wa mke mmoja au wa mitala. Kuna mawakili wanaosema Katiba ilitaja haki ya mume na mke bila kukataza kwa maneno ndoa nyingine, na kwa kusoma maandishi tu wana hoja. Linganisha na Uganda, ambayo mwaka 2005 iliandika waziwazi katika katiba yake kwamba ndoa ya jinsia moja imepigwa marufuku. Lakini majaji wetu hawajaichukua njia hiyo. Tarehe 24 Mei 2019 majaji watatu wa Mahakama Kuu, hapa Milimani, walikataa kufuta vifungu vya Kanuni ya Adhabu vinavyoharamisha mapenzi ya jinsia moja. Walalamishi walikuwa wamesema hawaombi ndoa. Majaji hawakuridhika. Waliona kwamba kufuta vifungu hivyo kungefungua mlango wa watu wa jinsia moja kuishi pamoja kama wenzi, kinyume na kifungu cha 45. Siku hiyohiyo, kwa sadfa tu, kule Taiwan watu wa jinsia moja walianza kusajili ndoa zao kwa mara ya kwanza.

Na hata Bunge likitaka kesho kubadilisha kifungu cha 45, haliwezi peke yake. Kifungu hicho kimo katika Sheria ya Haki, na kifungu cha 255 kinataka mabadiliko yoyote ya Sheria ya Haki yaende kwenye kura ya maamuzi, huku angalau asilimia 20 ya wapigakura waliosajiliwa wakijitokeza katika nusu ya kaunti zote au zaidi. Kwa hiyo anayekwambia ndoa hizi zitaingizwa nchini usiku watu wamelala, mwambie asome hapo.

Najua utauliza: mbona Afrika Kusini ndoa hizi zililetwa na mahakama? Ni kweli. Lakini katiba yao ya 1996 inataja mwelekeo wa kimapenzi kwa jina miongoni mwa mambo ambayo mtu hawezi kubaguliwa kwayo. Desemba 2005 Mahakama ya Katiba ikalipatia bunge lao mwaka mmoja kurekebisha sheria, na Novemba 2006 sheria ikapita. Marekani ilifika huko Juni 2015 kwa kura tano za majaji dhidi ya nne. India, ambayo sheria zake za jinai na zetu zilitoka mkononi mwa mkoloni mmoja, ilifuta kosa la jinai mwaka 2018, kisha Oktoba 2023 Mahakama yake ya Juu ikakataa kuanzisha ndoa, ikasema hiyo ni kazi ya bunge. Kuondoa kosa la jinai na kuruhusu ndoa ni hatua mbili, na nchi nyingi zimeishia ya kwanza. Botswana, jirani zetu wa mbali, ilifuta kosa hilo mwaka 2019, na Mahakama yake ya Rufaa ikathibitisha mwaka 2021.

Sasa mwanao. Uholanzi ndiyo iliyokuwa nchi ya kwanza duniani kuruhusu ndoa hizi, tangu Aprili 2001, kwa hiyo kule ndoa yake itakuwa ndoa kamili. Akishuka uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, cheti kile hakitamfanya mhalifu, lakini hakitamfanya mume wa mtu pia. Kwa macho ya serikali yetu hao ni watu wawili wanaosafiri pamoja. Mwenzake ataingia kwa ruhusa ya mgeni wa kawaida. Hawezi kuomba kibali cha ukaaji kama mwenzi, wala uraia kwa njia ya ndoa hata baada ya miaka saba. Mwanao akilazwa hapa, mwenzake hatahesabiwa kuwa jamaa wa karibu. Akifariki bila wosia, mwenzake hatakuwa mjane katika mirathi ya mali iliyoko Kenya.

Hilo la kufungwa linahitaji uangalifu. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 162, inaadhibu tendo linaloitwa la kinyume na maumbile kwa kifungo cha hadi miaka 14, na kifungu cha 165 kinaadhibu vitendo vya aibu kati ya wanaume kwa hadi miaka 5. Ni sheria za wakati wa mkoloni, na rufaa ilikatwa dhidi ya uamuzi ule wa 2019. Soma vizuri kinachoadhibiwa: tendo, lililofanyika Kenya. Kuwa shoga si kosa. Kufunga ndoa Uholanzi si kosa la Kenya. Wewe kuhudhuria, kutuma zawadi au kuwapikia muthokoi wakija, si kosa. Nadhani hofu ya wenzako imevuka mpaka kutoka Uganda, ambako sheria ya 2023 inamgusa hata anayehudhuria kwa kujua sherehe ya ndoa ya namna hiyo. Kaluma alipendekeza mswada mkali wa kulinda familia hapa kwetu mwaka huohuo, lakini mswada si sheria.

Hatari ya kweli ya Desemba ni ndogo kuliko jela na iko karibu zaidi. Ni ulaghai na vitisho. Mtu anapiga picha, au anaiba mazungumzo ya simu, kisha anasema: tuma pesa, la sivyo napeleka kwa polisi, naweka mtandaoni, naambia mchungaji wako. Nimewasaidia watu waliolipa, na anayelipa mara moja hurudiwa. Kumtisha mtu ili umtoe pesa ni kosa la jinai hata kama anayetishwa ana jambo analolificha, na kusambaza picha za siri za mtu ni kosa pia chini ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya 2018. Kwa hiyo mwanao asipokee mialiko ya watu asiowajua kwenye programu za kutafuta wachumba akiwa hapa, asiweke mahali alipo mtandaoni, na wewe usimjibu yeyote anayekupigia kutaka "tumalizane". Hifadhi ujumbe, usiufute, utafute wakili.

Akikamatwa, haki zake ziko kwenye kifungu cha 49: kunyamaza, kuwa na wakili, na kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24. Na asikubali kupimwa mwilini kutafuta "ushahidi". Machi 2018 Mahakama ya Rufaa iliyoketi Mombasa ilisema vipimo vile vya kulazimishwa vinavunja Katiba, katika kesi ya wanaume wawili waliokamatwa Kwale. Daktari yeyote akisisitiza, jibu ni hapana.

Kuhusu yule mwalimu mstaafu: amesema jambo la kweli akalipeleka kusiko. Iweto, yaani desturi yetu ya mwanamke kuoa mwanamke, ipo. Mama asiye na mtoto, au asiye na mtoto wa kiume, hutoa mahari kwa msichana, msichana anaingia nyumbani kwake, anazaa na mwanamume aliyekubaliwa, na watoto wanaitwa kwa jina la nyumba ile. Wanandi, Wakipsigis, Wakisii na Wakuria wana desturi zinazofanana. Lakini mtu akiitumia iweto kuthibitisha kwamba mababu walikubali mapenzi ya wanawake kwa wanawake, nyanya yeyote wa Machakos atamcheka. Shabaha ilikuwa kizazi na ardhi, ili nyumba isizimike. Hata hivyo mashemeji zako nao wasikimbilie kusema ukoo haujawahi kujua ndoa isiyo ya mume na mke. Mwaka 2011 Mahakama Kuu ya Mombasa ilimtambua mwanamke aliyeolewa na mwanamke kwa desturi ya Kinandi kuwa mrithi halali wa marehemu, yeye na watoto wake, huku jamaa wa upande wa pili wakipinga. Mahakama iliangalia nyumba iliyokuwepo na nani aliyeitegemea. Hukumu ile haimsaidii mwanao kwa lolote. Inakuonyesha tu kwamba hoja ya "desturi yetu" ina mambo mengi kuliko wanavyoipigia kelele kwenye vikao vya mirathi.

Na hapo ndipo tunapofika shambani, ambako nina wasiwasi zaidi kuliko wewe mwenyewe ulivyoandika.

Marehemu mumeo kama hakuacha wosia, Sheria ya Urithi inasema hivi: wewe mjane unapata vyombo na vitu vya nyumbani moja kwa moja, na mali iliyobaki unaishikilia na kuitumia maisha yako yote. Ukiondoka, inagawanywa sawa kwa watoto. Sawa. Hakuna mstari unaosema mtoto aliyeoa vibaya, aliyehama au aliyemwaibisha baba anapunguziwa. Ndugu wa marehemu hawamo kabisa katika hesabu hiyo maadamu mjane na watoto wapo. Mzee wa ukoo anaweza kukasirika, anaweza kususia mazishi, lakini hawezi kumtoa mtoto kwenye orodha ya warithi.

Ila wanajua njia ya kuzunguka, na nimeiona mara nyingi katika mirathi za wajane, kwa sababu zisizohusiana na ushoga hata kidogo. Mirathi huanza na barua ya chifu inayotaja warithi wote. Mtu anakwenda kwa chifu bila wewe kujua, anataja watoto watatu badala ya wanne, tangazo linatoka katika Gazeti Rasmi la Serikali ambalo hakuna anayelisoma, siku 30 zinapita, na hati ya usimamizi inatoka. Mtoto aliye ng'ambo ndiye rahisi kuachwa. Akikutwa ameachwa, hati hiyo inaweza kubatilishwa chini ya kifungu cha 76 kwa sababu ilipatikana kwa kuficha ukweli, lakini hiyo ni kesi ya miaka, na katikati shamba linaweza kuuzwa. Dawa ni kutangulia. Nenda kwa chifu mwenyewe ukiwa na cheti cha kifo, cheti chako cha ndoa kama kipo, na vyeti vya kuzaliwa vya watoto wote, huyo wa Uholanzi akiwa wa kwanza. Wewe mjane ndiwe mwenye kipaumbele cha kuomba usimamizi. Mwanao anaweza kutia saini fomu ya idhini kule kule mbele ya ofisa wa ubalozi wetu The Hague.

Kabla ya hayo, fanya jambo moja: pekua hatimiliki kwenye masijala ya ardhi ya Machakos. Hujaniambia shamba liko kwa jina la nani. Likiwa kwa jina la mumeo, msimamo wako ni imara. Likiwa bado kwa jina la baba mkwe, kama yalivyo mashamba mengi sana ya ukoo, basi mashemeji ni warithi wenzako katika mirathi ya mzee, na sehemu ya mumeo lazima itolewe huko kwanza ndipo ishuke kwa nyumba yako. Hapo wana nguvu ya kuchelewesha, wala si ya kunyima. Tena usikubali kikao cha familia kikutolee karatasi ya kutia saini "ili mambo yaishe". Saini ya mjane mwenye uchungu imepoteza mashamba mengi.

Mwanao naye ana kazi ya kufanya, kwa kuwa cheti chake cha ndoa hakitamsemea hapa. Mtu mzima mwenye akili timamu anaweza kuandika wosia na kumpa amtakaye mali yake. Akinunua nyumba Nairobi, anaweza kumrithisha mwenzake kwa wosia uliotiwa saini mbele ya mashahidi wawili wasio warithi. Mwenzake akiwa si raia, Katiba haimruhusu kumiliki ardhi kwa zaidi ya umiliki wa kukodi wa miaka 99, na mashamba ya kilimo yana vikwazo vyake zaidi, kwa hiyo wosia uandikwe na mtu anayelijua hilo. Kwa ajili ya hospitali, Sheria ya Afya ya 2017 inamruhusu mgonjwa kumteua mtu kwa maandishi wa kumtolea idhini ya matibabu asipoweza kusema. Karatasi moja, kabla ya safari. Karatasi hizi hazifikii ndoa. Hazigusi uraia, hazizuii jamaa wenye kelele kupinga, na wosia waweza kushambuliwa mahakamani. Lakini kati ya kuwa nazo na kutokuwa nazo, tofauti ni kubwa siku ya msiba.

Umeniuliza naonaje. Sitajificha nyuma ya vifungu. Naamini vifungu vya 162 na 165 vifutwe pale vinapogusa watu wazima waliokubaliana, kwa sababu kila siku vinamlinda mlaghai na kumnyamazisha aliyeibiwa. Kuhusu ndoa, nawaheshimu wanaoipinga. Wengi wao hawana chuki. Wanaamini ndoa ni agano la mume, mke na kizazi, na Katiba yenyewe inaiita familia msingi wa jamii. Wanaogopa kanisa au msikiti utalazimishwa kufungisha ndoa usizoziamini. Hofu hiyo ina jibu, kwa kuwa uhuru wa dini umelindwa na kifungu cha 32, na hata Afrika Kusini hakuna mchungaji anayeburutwa madhabahuni. Hoja yao ya kwanza, ya ndoa ni nini, haijibiwi na wakili, na ndiyo maana Katiba imeiacha kwa wapigakura. Mimi ningepigia kura usajili wa kiserikali wa wenzi wanaoishi pamoja, hata ukiitwa jina jingine, ili hospitali, pensheni na mirathi vipate mtu wa kuwajibika. Najua udhaifu wake: wanaotetea ndoa kamili wanasema ni kuwapa watu kiti cha nyuma, na hawajakosea sana. Kwa Kenya ya leo naona ndipo pa kuanzia.

Si lazima ukubaliane nami ili umpende mwanao, wala hulazimiki kubadilisha imani yako ndipo umpokee. Mwambie unayoyaweza na usiyoyaweza: kama watalala Umoja au hotelini, kama mtakwenda Machakos wote au la. Mimi kwa safari hii ningewashauri wasiende Machakos kabla barua ya chifu haijaandikwa.

Mambo ya mirathi usiyafanye kwa barua kwangu. Tafuta wakili wa familia ana kwa ana, Machakos au Nairobi, ndani ya wiki chache hizi, na mara moja ukisikia mtu amekwenda kwa chifu au ameleta mnunuzi shambani. Pesa zikiwa tatizo, FIDA Kenya husaidia wanawake, wajane wakiwemo, na Kituo Cha Sheria huwasaidia wasio na uwezo. Mwanao akitishiwa au akikamatwa kwa sababu ya mambo haya, NGLHRC, shirika lisilo la kiserikali la kutetea haki za mashoga na wasagaji lililoko hapa Nairobi, lina mawakili waliozoea kesi hizo. Na huo usingizi, Mama, ukiendelea kukupaa, muone mshauri nasaha au daktari usiyeabudu naye kanisa moja, ili useme yote bila kuchuja. Ukienda kwa wakili, beba matokeo ya upekuzi wa shamba, cheti cha kifo, nambari ya kitambulisho cha kila mtoto, na majina ya mashemeji wote walio hai.